Wagonjwa Wanaobebana

Sisi wa Murongo tunakaa ukingoni mwa mto Kagera. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Wazee wetu hawajasahau mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa huu. Tuliogopa. Tulitenga vikombe na sahani, na misibani sababu ya kifo ilisemwa kwa minong'ono.

Walioanza kuivunja hofu ile ni wagonjwa wenyewe na waliofiwa. Mwaka 1987 huko Uganda, Noerine Kaleeba, aliyempoteza mumewe kwa UKIMWI, alianzisha TASO pamoja na wenzake. Mwaka 1989 WAMATA ikaanzishwa Dar es Salaam. Watu walikaa pamoja, wakaambiana ukweli, wakafarijiana.

Saratani nayo ina historia yake pande hizi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, na Mkristo mcha Mungu, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wetu. Leo wengi hupona wakiwahi tiba. Lakini tiba iko mbali: Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Kijana anarudi nyumbani nywele zimenyonyoka, na hapa kijijini hamwoni wa rika lake aliyepitia hayo. Wapo wanaosema amelogwa.

Ndipo simu inaposaidia. Vijana waliolazwa pamoja huagana wakiwa wamepeana namba. Usiku, kichefuchefu kikizidi, mmoja anaandika kwenye WhatsApp na mwenzake anamjibu: hata mimi ilikuwa hivyo, usiache dawa. Neno hilo likitoka kwa aliyeipitia dripu ileile, lina uzito kuliko mahubiri yetu. Na kuacha dawa katikati ni hatari ya kifo.

Hata hivyo simu haitoshi. Hupitisha pia habari za dawa za uongo. Na mmoja wao akifariki, waliobaki husoma habari hiyo peke yao, gizani.

Wapendwa, tunamkumbuka yule aliyepooza katika Marko 2: watu wanne walimbeba, wakatoboa dari. Vijana hawa wameshika pembe moja ya kitanda. Zilizobaki ni zetu: nauli ya kliniki, bando la simu, na kuketi naye bila kumwogopa. Mwaka 1983 tulichelewa. Tusichelewe tena.