Kutoka Fort Hare hadi barazani Mbeya

Tunapoandika mchango wa Nyanda za Juu Kusini katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, mara nyingi tunaandika habari za njia: barabara kuu ya kwenda Zambia, bomba la mafuta la TAZAMA, reli ya TAZARA, silaha zilizopita usiku. Yote hayo ni kweli, lakini picha inayobaki ni ya mikoa iliyopitiwa tu na watu waliokuwa na safari zao. Hapo tumejipunja. Mbeya na Iringa zina nafasi katika historia ya elimu ya wapigania haki wenyewe, hasa wale waliosoma Fort Hare, chuo cha Waafrika kilichoko mji wa Alice, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Chuo hicho kiliwapa wasomi wake mengi, ila kuna somo moja ambalo hakikuwa na namna ya kulifundisha, na waliokuja huku walilipata huku.

Fort Hare ilifunguliwa mwaka 1916 kama chuo cha wenyeji, chini ya wamishonari. Kwa miongo kadhaa ilikuwa kwa kusini mwa Afrika kile ambacho Chuo cha Lincoln, kule Pennsylvania, kilikuwa kwa Wamarekani weusi na kwa akina Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe waliosoma hapo. Orodha ya waliopita Fort Hare inashangaza: Oliver Tambo, Govan Mbeki, Robert Sobukwe, Seretse Khama, Robert Mugabe, Herbert Chitepo, na kutoka kwetu Afrika Mashariki, Eliud Mathu na Charles Njonjo wa Kenya, na Yusuf Lule aliyekuja kuwa Rais wa Uganda mwaka 1979. Nelson Mandela aliingia mwaka 1939. Miongoni mwa masomo yake lilikuwamo la utawala wa wenyeji, na shabaha yake ya wakati ule ilikuwa kuwa karani au mkalimani katika idara ya serikali iliyoshughulikia Waafrika. Shabaha hiyo inaeleza mengi. Chuo kilikuwa na walimu Waafrika wa hadhi ya juu, akiwamo D.D.T. Jabavu na Profesa Z.K. Matthews, lakini hata kijana hodari wa ukoo wa kitawala wa Wathembu alipotazama mbele, kazi kubwa aliyoiona ni kukaa pembeni ya meza ya Mzungu na kutafsiri maneno yake.

Mwaka 1940 wanafunzi waligomea uchaguzi wa baraza lao. Walitaka chakula bora na baraza lenye nguvu zaidi. Wachache walipiga kura, Mandela akachaguliwa pamoja na wengine watano, na wote sita wakajiuzulu kwa sababu wengi hawakushiriki. Uchaguzi uliporudiwa, matokeo yakawa yale yale. Wenzake watano wakakubali nafasi zao, yeye akakataa. Mkuu wa chuo, Dk. Alexander Kerr, akampa sharti: arudi mwaka unaofuata akiwa tayari kuingia katika baraza, la sivyo asirudi. Hakurudi. Ukilitazama tukio hilo kwa makini, utaona Mandela alikuwa amekwisha kuijua kanuni, kwamba uongozi usio na ridhaa ya wanaoongozwa haufai. Ambacho hakuwa amekiona ni nchi ambayo kanuni hiyo inatumika kwa Mwafrika.

Januari 1962 alitoka Afrika Kusini kwa siri, bila pasi, akapitia Bechuanaland, Botswana ya leo. Aliyesafiri naye kwa ndege ndogo ni Joe Matthews, mtoto wa yule Profesa Matthews, naye pia mwanafunzi wa Fort Hare. Baba mtu alikuwa amejiuzulu chuoni kupinga sheria ya 1959 iliyokiweka chuo mikononi mwa serikali ya ubaguzi. Kwa hiyo waliokuwa wakiikaribia milima ya Mbeya siku ile walikuwa watoto wawili wa chuo kimoja, chuo ambacho tayari kilikuwa kimenyang'anywa wenyewe. Rubani aliita uwanja wa Mbeya kwenye redio, hakujibiwa. Ukungu ukafunga, ndege ikafuata barabara ya milimani mpaka barabara yenyewe ikapotea machoni, wakanusurika kugonga mlima. Kisha anga ikafunguka, wakatua katika nchi yenye uhuru wa mwezi mmoja na siku chache.

Hotelini walikuta Waafrika na Wazungu wameketi pamoja barazani wakizungumza. Kilichomgusa Mandela zaidi kilitokea mapokezi. John Mwakangale, mbunge wa TANU, alikuwa amefika kuwaulizia, na mhudumu wa Kizungu akasahau kuwapa wageni habari. Mgeni mmoja Mwafrika akamuuliza yule mama juu ya jambo hilo. Mama akaomba radhi. Mgeni akamtaka, kwa adabu lakini bila kuyumba, awe mwangalifu, kwa kuwa hao ni wageni wa nchi. Basi. Hakuna aliyepaza sauti, wala polisi hawakuitwa. Kwa mtu aliyesomea kuwa karani wa utawala wa Wazungu, kumwona Mwafrika wa kawaida akidai huduma kama haki yake, naye Mzungu akaona ni sawa, lilikuwa somo ambalo darasa la Fort Hare lisingeweza kulitoa hata lingekuwa na mwalimu gani.

Wapo watakaosema ninaipa uzito mkubwa mno safari ya kupita tu, iliyosimuliwa na Mandela mwenyewe katika kitabu chake cha 1994, akiwa mzee anayekumbuka mambo ya miaka mingi nyuma. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kitabu hicho kingekuwa ushahidi pekee. Novemba 1962, miezi 10 tu baada ya safari, Mandela alisimama mahakamani Pretoria na kueleza kwamba Afrika huru ndiko alikojiona huru kwa mara ya kwanza maishani, akawataja Nyerere na Rashidi Kawawa miongoni mwa waliompokea. Alisema hayo akisubiri hukumu. Wengine watauliza kwa nini chuo kilichomfungia mlango kihesabiwe hata kidogo. Naona kinahesabiwa kwa watu kiliowakutanisha: Tambo, aliyefukuzwa hapo mwaka 1942, ndiye aliyekuwa akiongoza ANC nje ya nchi, na Chitepo, mhitimu wa chuo hicho hicho, mwaka 1962 huo huo alishika kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Tanganyika.

Iringa inaibeba hoja hii mbele zaidi. Chitepo aliuawa kwa bomu Lusaka tarehe 18 Machi 1975, na ZANU, chama chake cha ukombozi wa Zimbabwe, ikabaki na mgogoro wa uongozi. Novemba ya mwaka uliotangulia, marais wa nchi jirani walikuwa wamekataa kumtambua Mugabe alipofika Lusaka badala ya Ndabaningi Sithole, kiongozi wa chama. Lakini Oktoba 1975 maofisa wapiganaji wa ZANU waliokuwa katika kambi ya Mgagao, Iringa, waliandika tamko lililomkataa Sithole na kumtaja Mugabe kuwa mtu pekee wa kuzungumza kwa niaba yao. Msomi wa Fort Hare alipata ridhaa yake kutoka kwa watu wa kambini, na hilo likawalazimu wakubwa kufikiri upya. Kanuni aliyoishikilia Mandela mwaka 1940 juu ya kura za wenzake chuoni ilitekelezwa Mgagao na watu wenye bunduki mabegani.

Najua jibu linalokuja: Mugabe huyo huyo aliishia kuwatesa raia wake, tangu Matabeleland miaka ya 1980. Ni kweli, na makala ya kuisifu Mgagao bila kulitaja hilo ingekuwa ya uongo. Lakini tamko lile lilimpa uwakilishi wa wakati ule; halikumpa miaka 37 ya kutawala. Aliyeisahau ridhaa ni yeye, na kosa hilo haliwafanyi waliomchagua mwaka 1975 kuwa hawakuwa na haki ya kuchagua.

Nyaraka nyingi za ANC za miaka ya uhamishoni, zikiwamo za shule yake ya Mazimbu, Morogoro, leo zimehifadhiwa Fort Hare, ambako Tambo aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo mwaka 1991. Ni haki yao. Upande wetu Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na Mbeya ina vyuo vikuu vyake. Kijana wa miaka 20 aliyeishi jirani na Mgagao mwaka 1975 sasa amepita 70, na mwenye umri huo Mbeya mwaka 1962 amepita 80. Idara za historia za vyuo hivyo zingeweza kuanza kuwahoji muhula huu.