Balozi wa Pwani, Baloji wa Kolwezi: Jina, Albamu na Ukanda wa Shaba

Nilipoliona jina la Baloji kwa mara ya kwanza kwenye jalada la albamu nilidhani mpiga chapa amekosea herufi. Masikio yangu yalikwisha kumzoea Balozi mwingine, Balozi Dola, mmoja wa waliosimamisha hip hop ya Kiswahili Tanzania, ambaye jina lake halihitaji tafsiri kwa mtu wa pwani: mjumbe, mwakilishi, mtu anayewasemea wenzake mbele za wageni. Nikatazama tena. Ilikuwa j, si z. Nilipomweleza rafiki mmoja wa Kolwezi kosa langu, alicheka kwanza ndipo akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Ndugu yangu, ile jina haiko ya kuchezea. Muloji ni mutu mwenye kuloga. Baloji, basi, ni benye kuloga."

Tofauti ni ya herufi moja, ila historia zake ni mbili. Balozi la pwani lilikuja kwa bahari kutoka kwa Waturuki, nao walilipata kwa Waveneti. Ba- yake si kiambishi, ndiyo maana wingi wake ni mabalozi. Baloji ni la Kiluba, na ba- yake ndiyo inayowafanya watu wa Kolwezi waseme batu na batoto pale ambapo Zanzibar husema watu na watoto. Hata kamusi zetu za Kiswahili sanifu zina mlozi na walozi, kwa hiyo neno si geni kwetu, tulilisahau tu. Mwanamuziki mwenyewe alizaliwa Lubumbashi mwezi Septemba 1978 na kupelekwa Ubelgiji angali mtoto mdogo. Alipokuwa katika kundi la hip hop la Starflam la Liège alijulikana kama MC Balo. Jina lilikatwa mkia. Alipoanza kutoa albamu zake mwenyewe alilirudisha zima, pamoja na ulozi wake, na tangu hapo ameeleza hadharani mara kadhaa kwamba kabla ya wamisionari neno hilo lilikuwa karibu zaidi na mtu wa maarifa, na ni mahubiri yaliyoligeuza kuwa la laana.

Wahakiki wengi wa Ulaya humsoma kama mtoto wa ughaibuni anayerudi kutafuta asili yake, na kile anachofanya na ala wanakiita majaribio. Mimi nayakataa yote mawili. Albamu hizi ni sura ya historia ya wimbo wa Kiswahili katika ukanda wa shaba, kutoka Lubumbashi kupita Likasi hadi Kolwezi, na katika ukanda huo majaribio ndiyo desturi yenyewe.

Tuanzie Bunkeya, mji ambao leo umo katika mkoa wa Lualaba. Palikuwa makao ya Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tabora akajenga ufalme juu ya shaba na pembe za ndovu, hadi alipouawa Desemba 1891. Hapo ndipo alipozaliwa Jean Bosco Mwenda mwaka 1930. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, Mwenda alikuwa kijana mwenye gitaa la kawaida aliyelipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Sikiliza wimbo wake Masanga kwa makini: gumba linashika nyuzi nene kwa mwendo wake, kidole cha pili kinazungumza juu yake kwa mwendo mwingine, na msikilizaji asiyejua huapa kwamba wanapiga watu wawili. Gitaa lililotoka Ulaya limefanywa kuwa ala nyingine kabisa, na wimbo umepita mpaka na kufika Nairobi, ambako Mwenda na jamaa yake Edouard Masengo walikuja kuwa majina makubwa. Hakuna aliyeyaita hayo majaribio, kwa sababu Mwenda hakuwa na shahada ya muziki wala mfadhili.

Lugha aliyoimbia nayo ilikuwa imepikwa humohumo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuletwa na misafara peke yake; kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikihitaji kwa ajili ya watu iliowakusanya kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na kwingineko. Mtu aliingia kambini bila lugha ya pamoja, akapewa nyumba na posho, na lugha ya kugawia posho ikawa lugha ya watoto wake. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa majumbani kilitoa, kwa mkono wa André Yav, Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, historia iliyoandikwa kwa Kiswahili hicho chenye kuchanganya. Ni maandishi ambayo kila idara ya Kiswahili Afrika Mashariki ingepaswa kuwa nayo, na ambayo nimekutana na wasomi wa Kiswahili wasiowahi kuyasikia. Tunaujua utenzi wa Pate, hatuujui mji uliojiandikia historia kwa lugha yetu miaka sitini iliyopita. Hata mkoa mzima uliitwa kwa neno letu: tangu 1971 hadi 1997 Katanga iliitwa Shaba.

Ukitaka kuona majaribio kwa macho, tazama karindula. Ni aina ya banjo, ila tumbo lake ni pipa au dumu la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, na juu yake unapanda mti mrefu wenye nyuzi nne. Ni kubwa kiasi kwamba mpigaji huikalia au huiegemea, na mwenzake huweza kuligonga dumu kama ngoma huku nyuzi zikiendelea. Takataka ya gereji imekuwa besi na ngoma kwa wakati mmoja. Kampuni ya muziki ya Crammed Discs ya Brussels ilipotoa albamu ya makundi ya karindula ya Lubumbashi mwaka 2011, karibu na wakati uleule ilikuwa ikimtoa Baloji kwa wasikilizaji wa kimataifa. Wauza muziki waliwaweka kwenye makabati mawili, jadi huku na hip hop kule. Fundi wa dumu na fundi wa kompyuta wanafanya kazi moja, kukifanya chombo kilichotengenezwa kwa shughuli nyingine kiseme.

Albamu yake ya kwanza, Hotel Impala, iliyotoka kati ya 2007 na 2008, imechukua jina la hoteli ya baba yake mjini Kolwezi. Ilizaliwa kutokana na barua: mama yake, ambaye hakuwa amemwona kwa zaidi ya miaka 20, alimwandikia, naye akajibu kwa albamu nzima. Wahakiki wameishughulikia sana barua na kuipita hoteli mbio. Kwa mtu wa Kolwezi jina Impala lina uzito wake. Mei 1978, waasi wa FNLC walipouteka mji na wanajeshi wa Ufaransa wakadondoshwa kwa miavuli, hoteli ya jina hilo ilikuwa miongoni mwa shabaha zao za kwanza. Miezi minne baadaye msanii akazaliwa. Tena mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakiitwa bilulu, wadudu, wakarundikana kwenye stesheni za reli kungoja treni. Tangu hapo kuuliza jina la mtu Kolwezi hakujabaki kuwa salamu tupu. Kubandika juu ya albamu jina la Kiluba lenye maana ya walozi, na chini yake jina la hoteli ya Kolwezi, ni kuyasema mengi kabla ya wimbo wa kwanza kuanza.

Kisha akafanya jambo ambalo wanamuziki wa ughani hulifanya kwa nadra. Alizichukua nyimbo kadhaa za albamu hiyo, akaenda Kinshasa, akazirekodi upya na wanamuziki wa huko, wakiwamo Konono No 1 wenye likembe, ala za kupigwa kwa vidole gumba, zilizounganishwa na vikuza sauti. Matokeo ni Kinshasa Succursale ya 2010. Succursale ni tawi, na mtu wa Katanga hawezi kulisikia neno hilo bila kutabasamu. Kwa miaka mingi malalamiko ya watu wa shaba ni kwamba mali inachimbwa kwao na kuliwa Kinshasa. Hapa makao makuu yamegeuzwa kuwa tawi, na bendi yake ikaitwa Orchestre de la Katuba, kwa jina la mtaa wa Lubumbashi.

Katika albamu hiyo kuna wimbo unaostahili kusomwa polepole. Unaufinyanga upya wimbo wa uhuru ambao Joseph Kabasele na African Jazz waliutunga Brussels mwanzoni mwa 1960, Indépendance Cha Cha. Baloji ameupa jina la lugha mbili, Le Jour d'après na Siku ya Baadaye. Kifaransa kinasema siku iliyofuata, kesho yake, pale sherehe inapokwisha na viti vinakusanywa. Kiswahili hakisemi hivyo. Siku ya baadaye inaangalia mbele, haina tarehe, inaweza kuwa ya matumaini au ya kuahirishwa bila mwisho. Je, ni kosa la mtu aliyeondoka na Kiswahili cha mtoto? Inawezekana. Lakini kati ya maana hizo mbili ndimo Katanga ilimokaa. Uhuru ulitangazwa Juni 30, 1960. Julai 11 mwanasiasa Moïse Tshombe akatangaza Katanga imejitenga, na majeshi ya Umoja wa Mataifa hayakuingia Kolwezi, ngome yake ya mwisho, hadi Januari 1963. Siku iliyofuata ilifika baada ya siku kumi na moja. Ile ya baadaye bado inangojwa.

Hapa nimjibu anayepinga, kwani ana hoja. Atasema: huyu bwana anaghani kwa Kifaransa, Kiswahili chake ni majina ya nyimbo na maneno machache, wasikilizaji wake wako Brussels na Paris kuliko Kolwezi. Mwanzoni nami nilidhani Kiswahili hicho ni pambo tu, kama kitenge kinavyowekwa dirishani mwa duka. Nilibadili mawazo nilipoangalia maneno yenyewe yanakaa wapi. Yanakaa mwanzoni, kwenye jina, kwenye makaribisho. Wimbo aliourekodi na Konono unaitwa Karibu ya Bintou, na karibu ni neno linalosemwa mlangoni. Mtoto aliyetolewa nyumbani akiwa na umri wa miaka mitatu au minne hubaki na Kiswahili cha mlangoni: karibu, kesho, mama. Kujifunza Kiswahili cha vitabuni ili aandike beti kamili kungekuwa rahisi, na kungekuwa uongo. X Plastaz wa Arusha walipoichanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai walikuwa wanaongeza kitu walichokuwa nacho. Baloji anaonyesha alichonyang'anywa, na pengo lenyewe analiacha lisikike. Kuhusu wasikilizaji sina jibu zuri. Disko za Kolwezi hazimpigi kama zinavyompiga Fally Ipupa, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mwaka 2015 alitoa kazi fupi iitwayo 64 Bits and Malachite. Malakiti ni jiwe la kijani, madini ya shaba, ambalo Kolwezi mtoto huliokota njiani na kulitia mfukoni; biti ni za kompyuta. Nalisoma jina hilo kama sentensi moja: muziki unaotengenezwa kwa mashine unasimama juu ya jiwe hilo. (Wasomaji wetu, tafadhali: koltani ni ya Kivu na Tanganyika, ya Kolwezi ni kobalti pamoja na shaba. Magazeti yetu yanazichanganya kila wiki.) Takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa yake ni ya Lualaba. Katika mtaa wa Kasulo, katikati ya miaka ya 2010, watu walichimba sakafu za nyumba zao wenyewe, shimo likianzia palipokuwa na kitanda, hadi sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na kuwa mgodi. Hapo nina lawama moja kwake. Kolwezi yake ni ya hoteli, ya biashara ya baba. Mchimbaji wa Kasulo anapatikana kwenye jina la jiwe kuliko kwenye mistari. Albamu ya mchimbaji bado haijarekodiwa, au imerekodiwa kwenye simu ya mtu na sisi hatujaifikia.

137 Avenue Kaniama, ya 2018, ni anwani ya nyumba ya mama yake mjini Lubumbashi. Kutoka hoteli ya baba hadi mlango wa mama imechukua muongo mmoja. Halafu ikaja filamu, Augure, ya 2023, ambamo kijana aitwaye Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na ndugu zake wanamshuku ulozi kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo. Kwa ajili yake Baloji aliandika albamu nne, kila moja kwa sauti ya mhusika mmoja, ili asikilizaye kisa kimoja akisikie mara nne kutoka vinywa vinne. Huko Cannes ilipewa tuzo ya sauti mpya katika kundi la Un Certain Regard. MC Balo wa Liège sasa aliitwa kwa jina lake zima.

Wenzangu mnaofundisha fasihi na nyimbo za Kiswahili Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, wekeni Siku ya Baadaye kwenye orodha ya muhula ujao, kando ya Masanga. Na mkipata mwanafunzi kutoka Kolwezi, mpeni nafasi aeleze yeye kwanza.