Kadi Imeingia Kwa Sloti Lakini Ruta Haiioni? Soma Hii Kabla Utume Doo

Kama ulisomea netiwaki, Packet Tracer lazima ilikusumbua na hii: unavuta kadi kuiweka kwa ruta, programu inakataa, inakuambia kwanza uzime stima. Unazima, unachomeka, unawasha, maisha inaendelea. Kile haikukuambia ni kwamba zile kadi unaonyeshwa hapo kando zilikuwa zimechujwa tayari, ni za ruta hiyo uliyochagua. Ukienda kununua ruta ya ukweli, hakuna mtu wa kukuchujia.

Na wasee wengi sai wananunua. Ruta za Cisco zilizotolewa kwa maofisi zinaingia soko kama ex-UK, na msee wa WiFi ya mtaa, mwenye cyber ama mwanafunzi wa CCNA anaona mashine ya nguvu ikienda bei ya simu ya kawaida. Anabeba. Kesho yake anagundua ruta ilikuwa nusu ya story. Zile nafasi nyuma zilizofunikwa na bati ndizo zinaamua utapata poti za aina gani, na kadi ya kuweka hapo inaweza kula doo karibu sawa na ruta yenyewe. Ukikosea, unajua vile risiti husema: mali ikiuzwa hairudishwi.

Kwa hivyo tuongee vile unachagua moduli. Nitatumia Cisco juu ndio imejaa mtaani, lakini maswali ni yale yale hata kwa ruta zingine.

Kuingia sio kufanya kazi

Cisco imebadilisha sloti mara kadhaa na majina yanafanana hadi yanakera. Zamani kabisa kulikuwa na WIC. Halafu 1841 na 2811 zikakuja na HWIC. Kizazi kilichofuata, yaani 1941, 2901 na 2911, kikaleta EHWIC. Kisha familia ya 4000, zile 4321, 4331 na wenzake, ikatupa hizo zote na kuleta NIM.

EHWIC iliundwa ikijua kuna HWIC, so kadi nyingi za 2811 zinaweza kuhamia 2911 bila matata. Kurudi nyuma hapana, kadi ya EHWIC usiipeleke 2811. Na NIM ni umbo lingine kabisa. Ukiwa na HWIC tano nzuri kwa droo na unataka kuhamia 4331, hizo tano ziuze na ruta yake, zitakufaa zaidi hivyo.

Idadi pia uicheki. 1841 na 1941 ziko na sloti mbili. 2811, 2901 na 2911 ziko na nne. 4321 iko na mbili za NIM, 4331 pia mbili, lakini 4331 ina ile sloti kubwa ya SM-X juu yake. Kuna kadi zimeandikwa D katikati ya jina, kama HWIC-D-9ESW. Hiyo D ni upana wa mbili, yaani inakalia nafasi ya kadi mbili na lazima utoe kile kigawanyo cha katikati. Msee ananunua mbili akidhani bado amebaki na nafasi, kumbe sloti zote nne zimeisha.

Sasa kuna mtego mmoja ambao huwa unashika wanafunzi kila mwaka. WIC-2T, kadi ya laini mbili za siriali, iko kila mahali na ni ya bei ya chini. Kwa 1841 na 2811 inafanya kazi poa. Mtu ananunua 2911 ndio awe na ruta ya kisasa zaidi, anakumbuka sloti ya EHWIC inapokea vitu vya zamani, anachomeka WIC-2T. Inaingia vizuri kabisa, skrubu zinashika. Anawasha, na ruta inanyamaza kama hakuna kitu imewekwa. Kwa 2911 unahitaji HWIC-2T. Ukiziweka kando kwa kando poti zinafanana, na kebo ya Smart Serial ni ile ile. Tofauti ni herufi moja kwa jina, na hiyo herufi ndiyo doo yako. Na ukikutana na WIC-1T, jua hiyo inatumia kebo kubwa ya DB-60, haishikani na ile ya mwenzake.

Ndio maana usiamini macho, amini karatasi. Kila moduli ya Cisco iko na karatasi yake ya maelezo mtandaoni, ya bure, na ndani kuna jedwali la ruta zinazoikubali na toleo la chini kabisa la IOS linalohitajika. Hilo toleo watu huruka. Kadi inaweza kuwa halali kwa ruta yako lakini IOS iliyo ndani ni ya kitambo kuliko kadi. Na kupata IOS mpya sio mchezo, juu Cisco huipeana kwa mwenye mkataba wa huduma. Ruta ya mtumba haikuji na mkataba. So angalia toleo lililopo kwa show version kabla ununue kadi, na uchukulie ni hilo utaishi nalo.

Poti nne za swichi sio poti nne za ruta

Hapa ndipo wasee wa WiFi ya mtaa huumia. Una laini mbili za intaneti kutoka kwa kampuni mbili, unataka moja ikilala nyingine ichukue. Unaona HWIC-4ESW, poti nne, unafurahi. Hizo poti ni za swichi. Hauwezi kuziwekea anwani ya IP moja kwa moja. Unaweza kuzunguka kwa kuunda VLAN na kuweka anwani kwa intafesi ya VLAN, na kwa kazi ndogo inatosha. Lakini kama unataka poti ya kuelekeza trafiki yenyewe, kwa kizazi hicho unatafuta HWIC-1FE ama HWIC-2FE, na kwa familia ya 4000 unatafuta NIM-2GE-CU-SFP. NIM-ES2-4 nayo, ukiwa kwa 4000, ni ile ile story ya swichi.

Wakati mwingine hata hauhitaji kadi. 4321 inakuja na poti moja inayoweza kutumia faiba moja kwa moja. 4331 iko na mbili. Nimeona mtu akitafuta moduli ya faiba wiki mbili na poti iko hapo mbele yake, imefunikwa na kale kaplastiki ka vumbi.

Faiba: hapa usiharakishe

Ile kitu ndogo unachomeka kwa poti ya faiba inaitwa SFP, na ndiyo moduli watu hununua zaidi na kukosea zaidi. Kosa la kwanza ni kusahau kwamba faiba iko na upande wa pili. SFP yako haitakiwi kukubaliana na ruta yako tu, inatakiwa pia kuongea lugha moja na ile iko mwisho mwingine wa waya.

SX hutumia mwanga wa nanomita 850 na waya wa multi-mode, na kwa gigabiti moja inafika kama mita 550 kwa waya mzuri. LX hutumia 1310 na waya wa single-mode, inafika kilomita 10. ZX ni 1550, ya masafa ya kama kilomita 70. Weka SX upande huu na LX upande ule, taa haitawaka hata uombe. Na usidhani kubwa ndio bora: ZX kwa waya wa mita mia tatu inamwaga mwanga mwingi hadi kipokezi cha upande mwingine kinalemewa, kinaweza hata kuharibika. Hapo unahitaji kipunguza mwanga, ama tu ununue LX kama watu wengine.

Kama una waya mmoja tu badala ya mbili, unatumia BX, na BX hununuliwa kwa jozi. Moja ni U, inatuma 1310 na kupokea 1490. Nyingine ni D, inafanya kinyume. Ukinunua U mbili juu ziko kwa ofa, zote zinapiga kelele kwa mwanga mmoja na hakuna anayesikia.

Halafu kuna hii ya nyumbani. Faiba nyingi inayoingia kwa keja na maduka ni GPON, ile inaishia kwa kisanduku cheupe cha kampuni na kichwa cha kijani. Watu hutoa huo waya, wanatafuta adapta, wanauchomeka kwa SFP ya LX kwa ruta yao, na wanashangaa. GPON sio Ethernet ya kawaida. Mteja wengi wanashiriki waya mmoja kwa zamu, na kifaa chako lazima kisajiliwe na mtambo wa kampuni. Wacha kisanduku chao kibaki, toa kebo ya shaba kutoka hapo hadi kwa ruta.

Kasi nayo: SFP ya gigabiti 1 mara nyingi inaweza kufanya kazi kwa poti ya SFP+ ya gigabiti 10, kama poti inakubali kushuka. Lakini SFP+ ya 10 kwa poti ya SFP ya 1 haifanyi, ingawa zinaingia bila shida. Na Cisco huangalia jina lililoandikwa ndani ya SFP. Ikiona sio ya kwao ama sio iliyoandikwa kama ya kwao, vifaa vyao vingi hukataa. MikroTik huwa hazina hiyo siasa, ndio maana wasee wengi wa mtaa huzipenda. Ukinunua SFP isiyo ya Cisco, mwambie muuzaji unaiweka kwa ruta gani, sio tu kwamba unataka ya kilomita kumi.

Na tafadhali usichungulie ndani ya SFP ama mwisho wa waya kuona kama kuna mwanga. Huo mwanga hauonekani, na jicho halina ex-UK.

Laini ya simu kwa ruta

Kuna kadi za 4G za kuweka SIM ndani ya ruta yenyewe, poa sana kama faiba ya mtaa hukatwa kila kukichimbwa mtaro. Angalia herufi ya mwisho. EHWIC-4G-LTE-V ilitengenezewa Verizon ya Marekani, na inatafuta mawimbi ya Verizon ya 700 MHz, ambayo hapa kwa 4G hayatapata rafiki. Kenya 4G iko zaidi kwa 800 na 1800, so kwa hiyo familia ile unataka ni EHWIC-4G-LTE-G. Hizi za Marekani ndizo utapata bei ya kutupa. Sasa unajua kwa nini.

Kadi za sauti, zile za VWIC, nitapita haraka: kama unataka zipige simu, kwa 2911 unahitaji pia chipu za PVDM3 ndani ya ruta na leseni ya uck9. Kama haujui kama ruta yako iko nazo, pengine haina.

Kasi iliyofungwa na leseni

Hii inauma vibaya. 4321 kutoka kiwandani imewekewa Mbps 50, na leseni ya kasi inaipandisha hadi 100. 4331 ni 100, inapanda hadi 300. Unaweza kuweka NIM ya gigabiti, faiba safi, SFP halisi, na bado ruta nzima ikakupitishia 50. Kama mtaa wako umelipia Mbps 200, kadi sio shida yako, ruta ndiyo. Andika show platform hardware throughput level na utaona umewekwa wapi.

Kadi zinazopeleka stima kwa kamera na simu za mezani, zile zina P mwisho wa jina, zinahitaji ruta iwe na pawa saplai ya aina hiyo. Bila hiyo poti zinapeleka data tu, na kamera zako zinabaki mapambo.

Ukifika kwa muuzaji

Usikubali picha ya sanduku. Mwambie awashe ruta kadi ikiwa ndani, aandike show inventory, akutumie picha ya skrini. Hapo utaona jina kamili la kadi, herufi zote, na namba yake. Kama unanunua kadi pekee, chukua lebo iliyo kwa kadi yenyewe, juu lebo ya kasha hubadilishwa. Linganisha na lile jedwali kwenye karatasi ya Cisco, ukiwa bado na doo mfukoni. Na ukiuziwa 2911 kama "mpya kabisa", kumbuka Cisco iliacha kuiuza Desemba 2017.

Siku ya kuchomeka, kwa 1841, 2811 na 2911 zima ruta kwanza, vile tu Packet Tracer ilikuwa inakulazimisha. Familia ya 4000 inakubali kubadilisha NIM ikiwa inawaka, lakini isimamishe kwanza: hw-module subslot 0/1 stop, ukiweka namba ya sloti yako. Ngoja ruta iseme imesimama, ndio ulegeze skrubu. SFP yenyewe unaweza kuchomoa wakati wowote, bora utoe waya kwanza na uufunike kichwa chake.