Paka na Afya ya Watu: Habari Kutoka Nyanda za Kajiado

Msomaji, huenda ukastaajabu kumwona paka akitajwa katika insha ya historia. Umezoea kusoma habari za wafalme, majahazi na vita, na paka umemjua tangu utotoni kuwa ni mnyama wa jikoni, mwenye kulala karibu na majivu yenye joto na kunyemelea sahani ya samaki. Lakini afya ya watu nayo ina historia yake, na katika historia hiyo paka ana fungu kubwa kuliko ukubwa wa mwili wake. Nimechagua kuieleza habari hii kutoka Kitengela na Kajiado, kwa sababu katika nyanda zile paka wa kale na paka wa leo wanaishi jirani.

Paka wa kale ni kimburu, paka wa mwitu mwenye rangi ya nyasi kavu, miguu mirefu na mkia wenye mapete meusi. Yeye ni mkazi wa Kajiado tangu kabla ya mtu yeyote kupaita hivyo. Mwaka 2007 wataalamu walilinganisha nasaba ya paka wa nyumbani na ya paka wa mwitu wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba ukoo wote wa paka wa nyumbani unatoka kwa kimburu wa Mashariki ya Karibu, ndugu wa huyu wetu. Katika kisiwa cha Kipro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, basi ni dhahiri kwamba alipakiwa chomboni akavushwa bahari. Kwa nini mtu ampakie paka chomboni? Kwa sababu alikuwa amekwisha kuwa mkulima. Mkulima ana ghala, na ghala huita panya, na panya humwita paka. Haikuwa kazi ya mtu kumkamata na kumfunga kama alivyofanya kwa ng'ombe. Paka alikuja mwenyewe.

Sasa utafahamu kwa nini paka hakuwa na shughuli kubwa katika boma la Mmasai wa zamani. Mali yake ilikuwa ng'ombe, chakula chake maziwa, na nafaka aliipata kwa kubadilishana na majirani wakulima. Hakujenga ghala, kwa hiyo hakuhitaji mlinzi wa ghala. Mambo yaligeuka reli ilipokuja. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na baadaye tawi la kwenda Magadi, lililojengwa kwa ajili ya magadi ya ziwa lile, likapita Kajiado. Magunia ya mchele na mahindi yalisafiri katika mabehewa, na panya wakasafiri pamoja nayo bila tikiti.

Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Kitengela ya leo. Iliingia katika soko la Wahindi, mahali palipojaa maduka yaliyosongamana na vyakula vya kila namna, na daktari wa serikali akaamuru soko litiwe moto. Likateketea, na mali za watu ndani yake. Wakati ule sababu ya maradhi yale ilikuwa imekwisha gunduliwa. Alexandre Yersin alikuwa amekiona kijidudu cha tauni huko Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond akaonyesha huko Karachi mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye anayekihamisha kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Panya akifa na mwili wake kupoa, viroboto humhama wakatafuta damu nyingine yenye joto, na damu iliyo karibu mara nyingi ni ya mwenye nyumba.

Hapa nakuomba uwatazame madaktari wawili, wote waliopata maarifa yao ya tauni katika Bara Hindi. Wa kwanza ni W. J. Simpson, aliyekuwa mkuu wa afya wa mji wa Calcutta. Alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1913 kukagua hali ya afya mijini, akashauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa mbalimbali. Ushauri huo ukawa hoja ya kuwatenga watu kwa miaka mingi, na panya, asiyejua rangi ya mtu, akaendelea kuivuka mipaka ile kila usiku. Wa pili ni Andrew Buchanan. Yeye alitembelea vijiji vya upande wa Amraoti akihesabu paka, na mwaka 1908 akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba vijiji vyenye paka wengi vilielekea kuokoka na tauni, na visivyo na paka vilishikwa. Mmoja alitenganisha watu. Mwingine alihesabu paka. Kwangu mimi huyu wa pili ndiye aliyeliangalia jambo lenyewe, ingawa si yeye aliyesikilizwa Nairobi.

Hata hivyo tusimpe paka sifa asizostahili. Siku hizi yajulikana kwamba paka mwenyewe aweza kuugua tauni na kumwambukiza mtu, kwa hiyo maradhi yakisha kuzuka paka si kinga. Faida yake ni ya siku za amani: huwafukuza panya katika unga na maji ya kunywa kabla hawajaacha mikojo yao, ambayo ina maradhi mengine ya kutosha.

Kitengela ya leo ni mji wa watu zaidi ya 150,000, kwa hesabu ya mwaka 2019. Mashine za kusaga, maduka ya nafaka na nyumba za ghorofa vimejipanga kando ya barabara ya Namanga, na panya hawakukosa habari hiyo. Watu wengi hununua sumu barabarani. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huyumba, na paka humkamata kwa urahisi, akafa yeye pia. Mwezi unaofuata panya wapya huja, na mlinzi hayupo.

Vipi kuhusu faraja ya moyo? Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake huko Marekani walitoa habari za wagonjwa 92 wa moyo. Kati ya 53 waliofuga wanyama, 3 walikufa katika mwaka mmoja. Kati ya 39 wasiofuga, walikufa 11. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini utafiti wake wa mwaka 1995 ulionyesha faida kwa wenye mbwa, si kwa wenye paka. Kisha mwaka 2009 Adnan Qureshi, akitumia habari za watu 4,435, akaona kwamba waliowahi kufuga paka walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Mizani bado inayumba. Yawezekana paka hutuliza moyo, na yawezekana pia kwamba watu watulivu ndio wapendao paka. Mzee anayekaa peke yake, ambaye watoto wake wote wako kazini Nairobi, hangoji wataalamu waamue. Anapata kiumbe cha kumwamkia asubuhi.

Anayemfuga ana kazi yake. Tangu mwaka 1970 yajulikana kwamba kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, vyenye hatari kwa mtoto aliye tumboni. Huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku, na mama mjamzito asikizoe yeye. Achanjwe kichaa pia, maradhi yaliyothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912 katika mbwa wa viunga vya Nairobi.

Tena ahasiwe. Paka wa mjini wanaotupwa porini ndani ya gunia hukutana na kimburu wa nyanda na kuzaa naye, na watoto wao si kimburu kamili tena. Kila nyumba mpya inayojengwa kuelekea Isinya huusogeza mkutano huo karibu zaidi, na ukoo uliodumu peke yake katika nyasi zile kwa maelfu ya miaka unachanganyika bila mtu kuona, usiku, nyuma ya ua.