Mnara wa Zebaki

Mwaka 1829 mnara mmoja wa kale mjini Paris, uliobaki baada ya kanisa lake kubomolewa, ulipewa kazi mpya. Ndani yake wanasayansi Pierre Louis Dulong na François Arago waliunganisha mirija 13 ya kioo, kila mmoja wa mita mbili hivi, ikapanda wima hadi juu. Kisha wakaanza kusukuma zebaki.

Kilichowapeleka huko ni boila. Injini za mvuke zilikuwa zimeingia viwandani na kwenye meli, na boila zilikuwa zikipasuka na kuua watu. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua mvuke wa joto fulani una presha kiasi gani, ikaikabidhi Akademia ya Sayansi swali hilo. Dulong hakuhitaji kuhubiriwa habari za milipuko: mlipuko wa maabara ulikuwa umekwisha kumpokonya jicho moja na vidole viwili.

Mnara ulihitajika kwa sababu ya hesabu nyepesi. Hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari hubeba safu ya zebaki yenye kimo cha milimita 760, na presha hiyo huitwa angahewa moja. Anayetaka kupima angahewa 10 anahitaji zebaki ya kimo cha mita 7.6. Wafaransa hawa walitaka kuvuka 20. Kipimo cha namna hiyo hakidanganyi, maana uzito wa zebaki unajulikana na urefu wake unasomwa kwa macho, lakini nani atabeba mnara hadi kiwandani? Kwa hiyo walitengeneza kipimo kidogo cha hewa iliyobanwa ndani ya kioo, wakakilinganisha na zebaki mnarani hatua kwa hatua hadi angahewa 27. Ndipo wakakihamishia kwenye uwanja wa kituo cha kutazamia nyota, mbali na nyumba za watu, wakawasha boila. Walifika angahewa 24. Utaratibu huo, wa kukipeleka kipimo kidogo kwa kikubwa kabla ya kukiamini, ndio moyo wa historia yote ya upimaji wa presha.

Miaka 20 baadaye, katika jiji hilohilo, Eugène Bourdon alikuwa akitengeneza injini za mvuke. Katika karakana yake bomba lililokuwa likikunjwa kwa mzunguko lilibonyea. Ili kulirudisha katika umbo lake, walifunga ncha moja na kusukuma maji kwa nguvu upande wa pili. Sehemu iliyobonyea ilianza kurudia uduara, na wakati huohuo bomba lote likajikunjua. Wengine wangefurahi tu kwamba bomba limepona. Bourdon alitazama ule mwendo wa kujikunjua, akaona kwamba kadiri maji yanavyobana ndivyo ncha inavyosogea. Mwaka 1849 alipata hataza: mrija bapa uliopindwa, ncha yake moja imezibwa na kuunganishwa na mshale unaozunguka juu ya uso wenye namba.

Geji hiyo iliingia kiganjani, haikuwa na kioo kirefu cha kuvunjika wala zebaki ya kumwagika. Mwaka 1851 ilipewa medali katika Maonyesho Makubwa ya London, kisha ikasambaa kila palipokuwa na mvuke. Gari-moshi namba 5918, Mount Gelai, lililohifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, liliendeshwa kwa presha ya pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Dereva wa mashine kama hiyo aliendesha akiwa na jicho moja kwenye reli na jingine kwenye mshale.

Lakini mrija wa Bourdon ni chuma, na chuma huchoka. Kikipigwa na presha inayopanda na kushuka mfululizo, hakirudi pale kilipoanzia. Mvuke wa moto ukikiingia moja kwa moja kinalegea, ndiyo maana mafundi huweka bomba lililopindwa mzingo mmoja kabla ya geji, maji yatulie hapo na kuukinga mrija. Mahali pa kuifunga geji napo pana hesabu yake: katika bomba la maji, ukiiweka mita moja juu ya bomba itasoma pungufu kwa takriban baa 0.1. Na tundu la kuchukulia presha likiachwa na ukingo wenye makovu ya keekee, maji yanayopita huchafuka hapo na namba inapotoka, hata geji iwe mpya kabisa.

Kwa kuwa geji huchoka, nayo ilihitaji kulinganishwa na zebaki. Louis-Paul Cailletet, aliyekwisha kupata sifa kwa kugeuza oksijeni kuwa kimiminika, aliona kwamba viwanda sasa vinafanya kazi kwa presha ambazo mnara wa Dulong usingeweza kuzithibitisha. Mwaka 1891 alipata mnara mrefu zaidi. Mrija mwembamba wa chuma uliojazwa zebaki ulipandishwa kwenye Mnara wa Eiffel karibu mita 300, ukapima hadi angahewa 400. Geji za chuma ziliunganishwa chini na kusahihishwa.

Siku hizi maabara za vipimo hutumia pistoni iliyosimama juu ya mafuta na kubebeshwa mawe ya mizani. Kilo 10 juu ya pistoni yenye eneo la sentimita moja ya mraba hutoa presha ya takriban baa 9.8, na fundi huangalia kama mshale wa geji unasema hivyohivyo.