Kuta za Thimlich Ohinga

Wasafiri wengi huvuka bahari kwenda kutazama sanamu kubwa za Buddha zilizochongwa katika majabali ya Asia. Wewe, msomaji, ukitaka kuona kazi kubwa ya mawe, shika njia itokayo Homa Bay kupitia Ndhiwa, uingie Migori mpaka Thimlich Ohinga. Huko hutaona uso wa mtu mtukufu. Utaona kuta tu, nami nazistahi vivyo hivyo.

Yamkini zilijengwa katika karne ya 16. Kimo chake ni mita 1.5 hadi 4.5, na unene mita 1 hadi 3, wala hazina chokaa wala udongo wa kuziunganisha. Mafundi walipanga mawe makubwa nje na ndani, kisha wakajaza madogo katikati. Milango ni mifupi, huna budi kuinama. Na adui aliyeinamisha shingo hawezi kuinua mkuki.

Nani alijenga? Jina ni la Kijaluo: ohinga ni boma, na thimlich msitu mnene wa kutisha. Lakini watu wa makabila mbalimbali walikaa humo kwa zamu, kila waliofika wakitengeneza yaliyobomoka, mpaka boma likahamwa katika karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO ililitia katika Urithi wa Dunia.

Usipande juu ya ukuta: jiwe moja likiteleza, la jirani hulifuata. Tazama chini badala yake, uone vishimo vya bao vilivyochimbwa mwambani.