UZI: Nani alimruhusu afisa wa serikali kufungua biashara?

Kila mjadala wa mishahara ya serikali ukianza huku, hoja ni ile ile: wafanyakazi wa umma ni wengi mno, wapunguzwe. Sawa. Lakini mimi nikiulizwa mageuzi yaanzie wapi, narudi 1971. Twende polepole.

Enzi za mkoloni afisa wa serikali hakuruhusiwa kufanya biashara. Unachukua mshahara, unangoja pensheni, basi. Baada ya uhuru kanuni ilibaki kwenye makaratasi, ila mambo yalishabadilika. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na nafasi zao zilihitaji Mwafrika anayeweza kupata mkopo. Sasa nani alikuwa na mshahara wa uhakika wa kuonyesha benki? Afisa wa serikali.

Ndipo ikaja Tume ya Ndegwa. Ripoti yake ya 1971 ilihusu muundo na malipo ya utumishi wa umma, lakini inakumbukwa kwa jambo moja: afisa anaweza kumiliki biashara au shamba, mradi visigongane na kazi yake, na atangaze alicho nacho.

Kusema ukweli, hoja yao haikuwa ya kijinga. Watu walishaanza kufanya biashara kichinichini, kwa hivyo afadhali iwe wazi. Shida ni kwamba ruhusa ilichukuliwa haraka na masharti yakasahaulika. Sheria ya kuwalazimisha maafisa kutangaza mali ilikuja 2003. Miaka 32! Na kwani nani angemchunguza nani, kama bosi naye ana malori yake barabarani?

Msiniambie ati hakukuwa na njia nyingine. Jirani zetu Tanzania, kwa Azimio la Arusha la 1967, waliwakataza viongozi kuwa na hisa, ukurugenzi wa kampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Sisemi rushwa iliisha huko. Nasema mfano ulikuwepo, tena hapo mpakani tu.

Halafu 1993, wafadhili wakisukuma, tukapata mpango wa kurekebisha utumishi wa umma. Waliolengwa kustaafu mapema, ati kwa hiari, walikuwa wa madaraja ya chini, A hadi G: matarishi, wafagizi, makarani. Afisa mkubwa mwenye kampuni inayotafuta tenda za serikali hakuwa kwenye hesabu hiyo.

Mtu atanijibu, "Katiba ya 2010 ilimaliza hayo." Soma Ibara ya 77 vizuri. Inamzuia afisa wa dola wa kudumu kuwa na ajira nyingine ya kumlipa. Ajira, si umiliki. Na "afisa wa dola" ni wale wa juu waliotajwa, si kila mtu aliye wizarani.

Kama mzee wenu alienda nyumbani na ule mpango wa miaka ya tisini, niambieni hapo chini alikuwa daraja gani.